Mkazo na Jemadari wa Baba Yake

Mtu akikwambia kutengeneza silaha za roboti wa kuchezea ni mchezo, mwambie aje akae siku moja kwenye chumba cha Mkazo. Aje asikie feni ya mashine ya kuchapia vitu vya plastiki inavyolia kutwa kucha, avute ile harufu ya plastiki ya moto, abandue vile vijiti vinavyokiegemeza kitu kisianguke kikichapwa, mpaka ncha za vidole ziote sugu, halafu mteja amwandikie kwenye simu: "Dada, upanga ni mzuri, ila rangi ya mpini haijaniingia moyoni." Haijamwingia moyoni! Mtu mzima, ana mke na kitambi, anangoja upanga wa urefu wa kidole umwingie moyoni.

Lakini ndiyo kazi iliyomlisha, na hakuna aliyemlazimisha. Watu wanaokusanya hawa roboti, wale wanaogeuka kuwa magari na ndege na mashine za kuchimbia, ni watu wa aina yao. Mtoto hununua roboti acheze naye. Hawa hununua wamweke kabatini wamtazame. Wakishamtazama sana, wanaanza kumwona na kasoro: mara ngumi zake ndogo, mara mabega yamekaa matupu hayana mizinga. Hapo ndipo wanapomtafuta Mkazo. Yeye hupima kila tundu kwa kipimo chake cha chuma chenye taya mbili, hukaa kwenye kompyuta akachora, kisha huiachia mashine iumwage uzi wa plastiki tabaka juu ya tabaka. Kikitoka hukipiga msasa, akakipaka rangi, akakifunga, akakituma.

Jina la Mkazo walimpa wateja wenyewe. Katika biashara hii hakuna aibu inayozidi kulegea. Roboti ambaye viungo vyake vimelegea, ukimsimamisha anainama, ukimpa upanga mkono unashuka, wanamwita mlevi, na mlevi hana thamani hata awe mkongwe wa namna gani. Vitu vya dada huyu havikujua kulegea. Pini yake ukiichomeka kwenye ngumi inalia ka! Kuitoa ni mpaka ukunje uso. "Huo ndio mkazo," wakasema, na jina likamganda.

Lakini siku hizo aliyekazwa alikuwa yeye. Tangu baba yake apigwe na kiharusi, mkono wa kulia ukafa na mguu ukawa wa kuburuta, Mkazo alilala na uchovu akaamka nao. Kumwinua mzee, kumwogesha, kumvisha, kumpeleka hospitali kwenye mazoezi, kufua mashuka, kisha kurudi chumbani na kukuta mbawa za mteja zimebanduka katikati ya kazi na uzi umejisokota wote ovyoovyo. Anaanza upya. Kaka yake aliishi mbali, na kila Jumapili alipiga simu kutoa ushauri. Ushauri wenyewe mzuri tu, ila haumbebi mtu mpaka chooni.

Mzee alikuwa fundi wa lifti mpaka alipostaafu. Rafu yake ya roboti ilikuwa sebuleni, na zamani kila asubuhi baada ya chai alichukua mmoja, akamgeuza gari, akamrudisha mtu, akasema sasa akili imeamka. Wengine husoma gazeti. Kipenzi chake alikuwa Jemadari, roboti mkongwe wa rangi ya chungwa iliyopauka, anayegeuka kuwa katapila, lile lenye kijiko cha kuchotea udongo. Baada ya kiharusi hakumgusa tena. Lakini bado kila asubuhi alitaka apelekwe sebuleni akae mbele yao, na ndicho kitu pekee kilichomtoa kitandani. Siku ambazo hakutaka kutoka, aliutazama ukuta. Ukimsemesha anajibu "naam" kama mtu aliye nyumba ya pili. Mkazo aliziogopa siku hizo kuliko kitu chochote.

Basi mchana mmoja mzee akamwita.

"Mama, njoo ukae. Nimezungumza na Daktari."

Mkazo alikaa, msasa bado mkononi. Daktari huyo ni daktari wa meno, rafiki wa mzee katika mambo ya roboti, mtu mpole sana, ambaye nyumbani kwake roboti wana chumba na mkewe ana kona.

"Atakuja Jumamosi na masanduku," mzee alisema. "Awachukue wote. Kwake watatunzwa."

"Wote? Kwani wamekukosea nini?"

"Wanakula vumbi tu. Na anayelifuta ni wewe."

"Nimekulalamikia?"

"Hujanilalamikia."

"Sasa?"

Mkazo aliitazama ile rafu, akaiona tupu, akamwona baba yake kitandani amegeukia ukuta. Alisema hapana. Mzee akasema ndiyo. Wakavutana pale, wote vichwa vigumu, maana mtoto wa nyoka ni nyoka, mpaka mzee akainua mkono wake mzima.

"Haya, tuwekeane. Jumamosi, mbele ya Daktari, nikimgeuza Jemadari mimi mwenyewe kwa mkono huu mmoja, wanabaki wote. Nikishindwa, wanakwenda, na wewe usinung'unike wala usinune. Asiyekubali kushindwa si mshindani."

"Tumewekeana," alisema Mkazo, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akarudi chumbani anatembea kama mtu anayekwenda mahali.

Wateja wakasubiri. Mwenye upanga usioingia moyoni akasubiri, mwenye mbawa akasubiri. Mkazo akamweka Jemadari mezani akampima kila pembe, kisha akachora kitako: kipande cha kubana kwenye ukingo wa meza, chenye taya za kumshika roboti kiunoni, ili asihitaji mkono wa pili wa kumzuia. Akachora na vipini vinene vya kuchomeka kwenye ngumi na visigino, mzee apate pa kushika. Unapomaliza hatua moja, unachomoa kipini, unakipeleka kwingine. Aliharibu cha kwanza, cha pili kikapinda, cha tatu kikatoka kama alivyokitaka. Akachomeka pini. Ka! Akatikisa. Hakuna kinachocheza. Akatabasamu peke yake, jamani, kama mwendawazimu.

Alimpelekea mzee. "Haya baba, jaribu tuone."

"Niachie. Ukinisimamia hivyo najiona niko kwenye mtihani."

Akamwachia. Kesho yake akachungulia: "Vipi?"

"Safi kabisa. Nimemgeuza, nimemrudisha."

"Kweli?"

"Kwani mimi mtoto?"

Loo, furaha aliyoipata Mkazo siku hiyo! Alifua mashuka huku anaimba. Alimpigia kaka yake simu bila kungoja Jumapili. Hata yule mteja wa upanga alimjibu kwa upole.

Ijumaa alikuwa akifuta meza ya sebuleni, mzee amekaa kwenye kiti chake amesinzia, ndipo alipokiona. Kwenye kipini kimoja palikuwa na vishimo vidogo, vimejipanga kwa upinde. Akakigeuza upande wa pili: vishimo vingine. Akamtazama Jemadari. Kiwiko cha kushoto nacho kimeumwa. Ndani ya nyumba ile hakuna mtoto, hakuna mbwa, na panya hang'ati kwa mpangilio ule.

"Baba," alisema. "Baba, amka. Umemng'ata Jemadari?"

Mzee akafungua jicho moja. "Nilitaka kujua ana ladha gani."

"Baba."

Mzee akafungua la pili, akaangalia chini. "Pini haitoki, mama. Nimevuta, nimevuta, na meno nimetia. Haitoki."

Mkazo alikichukua kipini akakichomeka, akauweka mkono wake wa kulia mgongoni, akavuta kwa wa kushoto. Kikatoka, lakini kwa kukunja uso. Na huo ni mkono wa mtu anayevunja vijiti vya plastiki kutwa. Vidole vya mzee havikuwa na nguvu ya kufungulia chupa ya maji.

Mzoea kunyonga kuchinja hawezi. Miaka yote hii akili yake imejua jambo moja, kukaza, na alipokaa kumtengenezea baba yake, akakaza. Alimpima Jemadari kila tundu na kila pembe, mkono wa mzee hakuupima. Na si kitako peke yake. Alikumbuka kwamba siku mzee alipostaafu, zawadi yake ilikuwa kumtibu Jemadari ulevi: alimfungua, akapaka kila pini ile rangi ya kucha isiyoonekana, tabaka baada ya tabaka, kama wafanyavyo wakusanyaji, mpaka roboti akasimama wima kama askari wa gwaride. Mzee alifurahi mno. Sasa kila kiungo cha yule roboti kilikuwa kimefungwa kwa mapenzi ya binti yake, na hakifunguki.

"Kwa nini uliniambia umeweza?" aliuliza.

"Ulikuja na uso umekunjuka. Nikasema, ah, nisimharibie."

"Na kesho Daktari angekuja ungefanyaje?"

"Ningeshindwa. Yangekwisha." Mzee alikohoa. "Kabla ya haya yote nilikusikia kwenye simu na kaka yako. Ulimwambia umechoka hoi. Nikasema nianze kupunguza mzigo. Mimi mwenyewe siwezi kujipunguza, basi niwapunguze hao."

Mkazo alisimama na kitambaa cha vumbi mkononi, na machozi yakamtoka bila hodi, ya hasira na ya huruma, yote pamoja.

"Ndiyo, nimechoka!" alisema. "Nimechoka mgongo, nimechoka miguu, nimechoka na mashuka na ngazi za hospitali na wateja wenye mioyo. Sikufichi. Lakini sijakuchoka wewe! Hivyo ni vitu viwili, baba, usinichanganyie. Na wakiondoka hao, asubuhi utaamkia nini? Utalala utazame ukuta, na mimi nikae nikutazame wewe. Hapo ndipo mzigo utakuwa umepungua?"

Jirani wa juu aliburuta kiti, wakamsikiliza mpaka akamaliza.

"Basi legeza," mzee alisema mwisho.

"Kitako nitakilegeza. Nakichapa upya sasa hivi."

"Na Jemadari."

"Jemadari haguswi." Aliruka kabisa. "Baba, rangi ya kucha nikiitoa kwa ile dawa yake, plastiki inayeyuka. Ni mpaka nipige msasa. Na hata rangi ikiisha, pini zenyewe bado ni ngumu, itabidi nizikwangue zile za asili, za kiwandani. Ukishamkwangua hakuna kumrudisha. Atakuwa mlevi maisha yake yote. Hakuna mtu atakayemtaka."

"Wa nani huyo?"

"Wako."

"Mimi namtaka."

Mgonjwa haulizwi uji, wanasema, na Mkazo alikuwa amelishika neno hilo tangu kiharusi kiingie nyumbani. Mchana ule aliuliza. Alileta bisibisi na msasa sebuleni, akamfungua Jemadari juu ya taulo, na mashine chumbani ikaachiwa kitako kipya chenye matundu mapana ambayo siku nyingine angeyaonea haya. Alikwangua pini ya bega kidogo, akairudisha, akakiweka kiungo kwenye vidole vya mzee.

"Zungusha. Sema ukweli."

"Bado."

Akakwangua. "Sasa?"

"Bado, bwana. Unaogopa."

Kweli alikuwa anaogopa. Vumbi la rangi ya chungwa lilidondoka kwenye taulo, na kila alipopitisha msasa alisikia kama anajipaka matope usoni. Wateja wake wakijua! Akakwangua tena, akampa. Mzee akasukuma kwa kidole gumba, bega likazunguka, likapita nyuma, mkono wa roboti ukaning'inia. Mzee akaurudisha juu. Ukaanguka. Akaurudisha tena, ukaanguka tena, naye akafanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Kisha wakaenda kwenye bega la pili.

Jumamosi Daktari wa Meno akaja na masanduku yake, kila moja limetandikwa pamba. Alimsalimia mzee kwa heshima zote, akamwulizia hali, akamwulizia na dada hali. Halafu macho yakamshinda, akanyoosha kidole akamgusa Jemadari begani. Mkono ukaporomoka.

"Mungu wangu! Dada, huyu kapatwa na nini? Huyu si alikuwa anasimama kama mlingoti?"

Mkazo uso ulimwaka. "Nimemkwangua."

"Wewe? Wewe Mkazo? Pini za kiwandani?" Alikaa bila kukaribishwa. "Umemuua. Dada, umemuua kabisa."

"Daktari," mzee alisema, "umekuja msibani au umekuja kushuhudia?"

Mkazo akakibana kitako mezani, akamweka roboti, akarudi nyuma. Mzee akaanza.

Roboti yule, kwa mtu mwenye mikono miwili, ni kazi ya muda wa kumeza chai. Mzee alianza na miguu. Alichomeka kipini, kikaingia kwa urahisi, akasukuma mguu wa kwanza mpaka ukalala na minyororo ya katapila ikatokeza chini. Akachomoa kipini, akapumzika. Wa pili ulimteleza, ukarudi, akaufuata tena. Jasho lilimtiririka puani naye hana mkono wa kulifutia, akalipuliza kwa mdomo wa chini. Daktari alipoona kipini kinaelekea kuanguka, mkono ukamtoka wenyewe kwenda kusaidia.

"Toa mkono," Mkazo alimwambia kwa sauti ya chini. Daktari akautoa, akaukalia.

Kiuno kikazunguka. Kifua kikapinda mbele, kikakwama, mzee akakisemesha maneno ambayo si ya kuandikwa, kikakubali. Sasa yalibaki mambo mawili tu: kichwa kuzama ndani, na mikono kuunganishwa mbele iwe kijiko. Mzee akaweka kiganja juu ya mgongo wa Jemadari, akasema, "Ngoja kidogo nivute pumzi." Akaegemea kiti. Pumzi ikavutwa, ikavutwa tena, ikawa ndefu, ikawa na mlio. Mzee alikuwa anakoroma.

Wawili wale wakatazamana. Jemadari alikuwa pale mezani, si mtu si katapila, kichwa kinachungulia kwenye bodi.

"Ndiyo kashindwa?" Daktari alinong'ona.

"Hajashindwa. Amelala."

Daktari aliyatazama masanduku yake, akamtazama mzee, akameza mate. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. "Dada," alinong'ona, "vimebaki viwili tu. Mmalizie. Akiamka ataona kimekwisha, atadhani ni yeye. Mimi nitaapa nimemwona kwa macho yangu. Nani atajua?"

Mkazo aliinama juu ya meza. Kidole kimoja kichwani, kidole kimoja kwenye mikono, basi, rafu imebaki na mzee hatageukia ukuta. Vidole vilimwasha. Alivinyoosha mpaka akausikia ule ubaridi wa plastiki, na vikakaa hapo.

Kisha akavirudisha. "Atajua," alisema. "Alikuwa fundi wa lifti. Na mimi sitaki anishukuru kwa uongo. Tulishadanganyana wiki hii, imetosha."

Daktari alikaa kidogo zaidi kwa adabu. Halafu akabeba masanduku yake matupu, akanyata mpaka mlangoni, akasema atapita siku nyingine kusikia ilikuwaje. Mkazo akafunga mlango taratibu. Simu yake ilikuwa inatetemeka huko chumbani, upanga, mbawa, nani anajua. Aliiacha. Akakaa sakafuni kando ya kiti cha baba yake, akaegemeza kichwa kwenye ukingo wa meza, na usingizi ukamchukua kabla hajamaliza kuwaza.

Aliamshwa na sauti.

"Daktari yuko wapi?"

"Ameondoka, baba."

"Na masanduku?"

"Ameondoka nayo. Matupu."

Mzee akamgeukia Jemadari. Kisha: "Huyu umemgusa?"

"Nilimgusa. Sikumgeuza."

Mzee aliinama na kukagua kiungo kimoja kimoja kwa kidole, mguu, mguu, kiuno, kama mtu aliyerudi kwenye mtambo wake na kukuta wengine walikuwa karibu. Alichukua muda wake. Mwisho akaguna, guno la mtu aliyeridhika.

"Usiinuke," alisema. "Kaa hapohapo."

Mkazo alikaa hapohapo, shavu juu ya meza, macho nusu. Alisikia kipini kinaanguka, mzee anakitafuta, anakipata. Alisikia pumzi zake. Alisikia tusi dogo. Jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa chumba, na mgongo ulimuuma, na mashuka yalikuwa bado kwenye beseni, na hakuinuka. Halafu kukawa kimya, na baada ya kimya kitu kikaanza kutambaa mezani kuja upande wake, polepole, kinakwaruza.

Alifungua macho. Katapila la rangi ya chungwa lilikuwa mbele ya pua yake, kijiko kimeinama upande, na nyuma yake mkono wa kushoto wa baba yake ukilisukuma.

"Pisha njia, mama," mzee alisema. "Kuna watu wako kazini hapa."

Mkazo hakupisha. Aliunyoosha mkono wake mezani, akaulaza, akaliacha lipite juu yake.